Umepunjwa, umetapeliwa au umeuziwa bandia? Mwongozo kamili wa kuchagua neno linalolingana na ulichofanyiwa

Malalamiko mengi yanakwama kwenye neno moja: "nimetapeliwa". Aliyeuziwa dagaa wenye mchanga pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, anaandika nimetapeliwa. Aliyemkopesha shemeji yake laki tatu zisirudi, naye anaandika nimetapeliwa. Mvuvi wa Ukerewe aliyepimiwa sangara kwa mizani iliyochezewa anaandika hivyo hivyo. Anayepokea barua hajui kama hili ni la polisi, la Wakala wa Vipimo au la Mahakama ya Mwanzo. Mlalamikaji anazungushwa meza hadi meza mpaka anachoka.

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Neno unaloliandika leo kwenye maelezo yako ndilo utakaloulizwa kesho ukiwa kizimbani kama shahidi. Ukiandika "alighushi" wakati ulimaanisha "alinipunja", wakili wa upande wa pili hatakuwa na kazi kubwa.

Fuata hatua kwa mpangilio huu. Ukianza na neno kisha ukalitafutia tukio, utakosea.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Karatasi mbili: moja ya rafu, moja ya barua yenyewe.
- Simu yenye ujumbe wote wa awali. Usifute hata ule wa matusi.
- Kumbukumbu za miamala: namba ya muamala, tarehe, saa, kiasi, na jina lililotokea kabla hujathibitisha kutuma.
- Risiti. Kama hukupewa, andika hivyo.
- Kitu chenyewe na kifungashio chake. Kopo la dawa lililotupwa jalalani haliwezi kupimwa.
- Mizani unayoiamini, kama shida ni uzito. Ile yenye stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo ndiyo nzuri.
- Majina ya watu waliokuwepo, na simu zao.

## Hatua ya 1: Andika tukio bila neno la lawama

Kwenye karatasi ya rafu andika nani alisema nini, wapi, lini, ulitoa nini na ulipata nini. Katika rafu hii usitumie tapeli, mwizi, mwongo wala feki.

Sababu ni kwamba neno la lawama hulifunika tukio. Ukishaandika "tapeli" unahisi umemaliza kueleza, na ofisa anayesoma hajaona kitu bado. Linganisha:

*"Huyu mama ni tapeli mkubwa, aliniuzia dagaa feki pale Mwaloni akala hela yangu."*

*"Jumamosi saa mbili asubuhi, Mwaloni Kirumba, nilinunua kilo 20 za dagaa wakavu kwa shilingi 120,000. Muuzaji aliniambia ni dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu bila kugusa ardhi, hawana mchanga. Alifungua mdomo wa gunia, nikaona dagaa safi. Nilipofika Igoma nikawamimina kwenye turubai. Dagaa wa nusu ya chini walikuwa wamechanganyika na mchanga. Nilichekecha kilo moja ya hao wa chini, ikatoa gramu 140 za mchanga."*

Ya pili haijamtukana mtu, na ndiyo inayomweka muuzaji pabaya. Imeonyesha kauli iliyosemwa, sehemu iliyoonyeshwa, sehemu iliyofichwa, na kipimo. Angalia pia kwamba neno "feki" la mwanzo lilikuwa kosa. Wale ni dagaa halisi wa ziwani; tatizo ni kilichochanganywa nao.

Utajua umefaulu pale mtu asiyekufahamu anaposoma rafu yako na kuweza kukusimulia tukio lote bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Tafuta kitu kimoja kilichokuwa si cha kweli

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Katika kila tukio la kudanganywa kuna kitu kilichojionyesha sivyo kilivyo. Kinaweza kuwa kauli, mtu, karatasi, kitu chenyewe, au kipimo. Kila kimoja kina maneno yake.

### Kama ni kauli

Uongo ni kauli isiyo ya kweli iliyotoka kwa mtu anayejua si ya kweli. Unakamilika mdomoni mwa msemaji. Kudanganya kunakwenda mbali zaidi: lazima awepo aliyeamini. Mtu anaweza kusema uongo mchana kutwa asimdanganye hata mmoja. Kwa hiyo ukiandika "alisema uongo", unatakiwa kuthibitisha kauli yake tu. Ukiandika "alinidanganya", unakubali kwamba uliamini, na utaulizwa kilichokufanya uamini na ulichokifanya baada ya hapo. Jiandae kujibu yote mawili.

Kupotosha ndilo neno linalosahaulika, na linafaa mno kwenye biashara ya viwanja. Dalali anakwambia kiwanja kiko mita mia tatu kutoka barabara ya lami. Ukipima kwenye ramani ni kweli. Alichokiacha ni mlima wa mawe uliosimama katikati, unaomlazimu mwenye kiwanja kuzunguka zaidi ya kilomita moja. Hakuna uongo hata neno moja hapo. Ukimwita mwongo, atakushinda. Andika "alinipotosha kwa kunificha kwamba njia haipiti moja kwa moja", na utakuwa umesema jambo lenyewe.

Uvumi ni habari isiyojulikana ilikotoka, na inaweza kuja kuwa kweli. Uzushi umetungwa na mtu, na hauna ukweli. Usiite uzushi habari ambayo hujaithibitisha kuwa ya uongo. Kusingizia ni uongo wenye mlengwa, yaani kumbebesha mtu kosa ambalo hakulifanya. Aliyesingiziwa ndiye mwenye lalamiko, hata kama hakupoteza senti.

### Kama ni mtu

Hapa kauli yaweza kuwa sahihi, karatasi sahihi, ila aliyesimama mbele yako siye. Neno la msingi ni kujifanya: alijifanya afisa uvuvi, alijifanya wakala, alijifanya mwenye nyumba.

Kishoka ni jina la mtaani la mtu asiyeajiriwa na shirika la umeme au la maji anayekuunganishia huduma kana kwamba katumwa nalo. Kwenye barua liandike ndani ya alama za kunukuu, kisha ueleze: hakuwa na kitambulisho, alipokea fedha mkononi, hakuna namba ya malipo ya serikali iliyotolewa. Mbabaishaji ni mtu mwingine kabisa. Huyu ni fundi kweli, na ni yeye kweli. Anachokosa ni ujuzi, na anauficha kwa maneno mengi na tarehe zisizotimia. Kumwita mbabaishaji "tapeli" kunalipeleka polisi shauri ambalo ni la kurudishiwa gharama.

Chunguza pia ule ujumbe wa simu tunaoufahamu sote: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Hauna jina, hauna kiasi, hauna sababu. Mtumaji hajajifanya mtu yeyote kwa maneno. Anautuma kwa watu wengi, na yule anayedaiwa kodi ya nyumba wiki hiyo hujaza mwenyewe jina la mwenye nyumba. Kwenye maelezo usiandike "alisema yeye ni mwenye nyumba wangu", maana hakusema. Nakili ujumbe neno kwa neno, kisha andika: "Niliamini umetoka kwa mwenye nyumba wangu kwa sababu siku hiyo nilikuwa nadaiwa kodi."

### Kama ni karatasi

Kughushi ni kutengeneza au kubadilisha nyaraka ili ionekane imetoka mahali ambapo haikutoka, au imesainiwa na ambaye hakusaini. Karatasi yenyewe inadanganya kuhusu asili yake. Hati ya kiwanja yenye muhuri uliochongwa mtaani ni ya kughushi. Risiti iliyotolewa na duka lenyewe, kwa mashine yao wenyewe, lakini ikaandikwa shilingi 40,000 badala ya 90,000 ulizolipa, hiyo ni risiti halisi yenye taarifa za uongo. Usiichanganye na ya kwanza.

Onyo: kughushi na kutumia kilichoghushiwa ni makosa mawili tofauti kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kama hukumwona akiitengeneza, usiandike "alighushi hati". Andika "alinipa hati ambayo ofisi ya ardhi imesema haikuitoa". Aliyeitengeneza ni kazi ya wapelelezi kumpata.

### Kama ni kitu chenyewe

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu "feki" imemeza maneno sita.

Bandia ni kitu kilichoundwa kwa mfano wa kingine. Neno hili peke yake halina kosa: meno bandia, mguu bandia na nywele bandia havimdanganyi mtu. Linakuwa kosa pale bandia inapouzwa kama halisi. Hivyo usiishie kwenye "aliniuzia betri bandia". Malizia: "akiniambia ni halisi, kwa bei ya halisi, ikiwa na nembo ya kampuni fulani."

Feki ni bandia ya mtaani, lakini imebeba na dharau. Itunze kwa mazungumzo.

Hafifu, au isiyokidhi ubora, ni bidhaa ya kampuni hiyo hiyo iliyotajwa, nembo ni yake, ila haifikii kiwango. Bati linaloshika kutu masika ya kwanza laweza kuwa halisi na hafifu kwa wakati mmoja. Tofauti hii inaamua unakokwenda, kama utakavyoona kwenye hatua ya 7.

Iliyokwisha muda haina ubandia wowote. Ilikuwa nzuri, siku zake zimepita. Udanganyifu unaingia pale tarehe iliyochapwa inapofutwa na kubandikwa nyingine, na hapo andika hivyo: "tarehe imebadilishwa".

Kuchakachua ni kuchanganya kitu halisi na kisicho na thamani ili kiongezeke. Lilienea kwa mafuta ya petroli na dizeli yaliyotiwa mafuta ya taa, kisha likahamia hadi kwenye kura. Kwa ukanda wetu wa Ziwa Victoria ndilo neno la dagaa wenye mchanga, asali yenye sukari guru, na pamba iliyomwagiwa maji na mchanga kabla ya kupelekwa kwenye mizani. Lakini tahadhari na dagaa. Wanaoanikwa chini ufukweni huokota mchanga wenyewe wakiwa bado wabichi, tofauti na wa chanja. Mchanga ulionata kwenye dagaa mmoja mmoja, gunia zima sawasawa, ni uanikaji mbaya. Mchanga mkavu, uliolegea, uliokaa chini huku juu kukiwa safi, ndio wa kutilia shaka, ingawa nao safari ndefu ya lori inaweza kuushusha. Ndiyo maana ni muhimu kuandika kama gunia lilifunguliwa juu tu, na kama uliambiwa ni wa chanja.

Magendo na haramu hazihusiani na ubandia hata kidogo. Dhahabu halisi kutoka Geita iliyouzwa gizani, nje ya soko la madini, ni ya magendo. Kipande cha shaba nyeupe au ya njano kilichong'arishwa na kuuzwa kama dhahabu ni bandia. Makokoro ni nyavu haramu, lakini ni nyavu kweli, na zinavua kuliko inavyotakiwa. Ukiripoti "nyavu feki" kwa afisa uvuvi, unamweleza jambo ambalo halipo.

### Kama ni kipimo

Kupunja ni kutoa pungufu ya kilicholipiwa. Ni neno zuri, kamili, la kisheria na la sokoni, na linastahili kutumika zaidi ya linavyotumika. Kitu ni halisi, muuzaji ni yeye, bei mmekubaliana. Kilichopungua ni kilo au lita. Wapimaji wa ufukweni wanaweza kumpunja mvuvi kama vile muuza duka anavyompunja mteja. Kila unapoandika kupunja, weka namba mbili: uliyoambiwa na uliyoipata. "Mizani yake ilisoma kilo 46. Nilipopima tena saa hiyo hiyo kwenye mizani yenye stika, ilisoma kilo 51." Kupima kesho yake hakufai, kwani samaki mbichi hupungua uzito anapomwaga maji, na wa barafu zaidi.

Lumbesa ni jambo la peke yake. Gunia limejazwa likatiwa na kilemba juu, mkulima anaona, mnunuzi anaona, na wote wanajua. Hakuna aliyedanganywa. Ni dhuluma iliyogeuzwa desturi, na sheria ya vipimo inaikataza: mazao ya shamba hayatakiwi kufungashwa zaidi ya kilo 100. Lilalamikie kwa jina lake.

Utajua hatua ya 2 imekamilika ukiweza kujaza sentensi hii kwa neno moja tu: "Kilichokuwa si cha kweli ni ______." Ukijaza mawili, unayo malalamiko mawili. Yaandike kwa aya tofauti.

## Hatua ya 3: Uliza kama alijua

Uongo, udanganyifu, utapeli na kughushi vyote vinadai kwamba mtu alijua. Bila kujua, kuna kukosea au uzembe.

Muuza duka la pembejeo aliyeuziwa mbegu zilizofungwa kwenye pakiti za kuigiza, naye akakuuzia bila kujua, hajakudanganya. Amekuuzia bandia, na kutokujua kwake hakuzifanyi mbegu ziwe halisi. Sema hivyo: "Aliniuzia mbegu ambazo zimebainika kuwa bandia. Sijui kama alifahamu."

Sentensi ya mwisho haikudhoofishi. Inamfungulia muuzaji mlango wa kutaja aliyemletea, na mara nyingi huyo ndiye anayetafutwa.

Kinachoonyesha kwamba mtu alijua ni matendo yake: alikuonyesha upande mmoja tu, alikataa upime, alibadili namba ya simu siku ile ile, aliwaambia watu wawili majina mawili. Orodhesha matendo, neno "alijua" litajisimamia.

## Hatua ya 4: Taja namna ulivyovutwa

Hatua hii ni fupi, kwani kwenye barua ya kiofisi inahitaji sentensi moja.

Kulaghai ni kwa maneno matamu, polepole, hadi unalainika. Kurubuni ni kwa ahadi au zawadi, ili ufanye ambalo usingelifanya. Kuhadaa ni kwa mwonekano: ofisi yenye vioo, gari, suti. Kuzuga ni kukushughulisha kwa jambo moja ili usione jingine. Mmoja anakuuliza njia ya kwenda Buzuruga, mwenzake yuko kwenye begi lako. Kiini macho ni pale macho yako yenyewe yalipoona kisichokuwepo, mfano bunda la karatasi lenye noti halisi juu na chini. Hila ni ile mbinu. Njama ni hila ya watu zaidi ya mmoja waliopatana, na usiiandike kama ulimwona mmoja tu.

## Hatua ya 5: Angalia mali ilivyotoka mikononi mwako, na uongo ulikuja lini

Hapa ndipo shauri linapogawanyika kati ya jinai na madai, na ndipo watu wengi wanaporudishwa mlangoni polisi.

Panga matukio kwa mstari wa muda, kisha tazama.

Ilichukuliwa bila wewe kutoa: wizi. Aliyeuchomoa mfuko wako stendi ya Nyegezi hakukutapeli.

Uliitoa mwenyewe kwa hiari, kwa sababu ya jambo la uongo uliloambiwa *kabla* ya kutoa: huu ndio utapeli, na kwa lugha ya mashtaka, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Jambo lenyewe linatakiwa kuwa la wakati ule au la nyuma. "Mzigo ninao ghalani" ni kauli ya sasa. Ikiwa hakuna ghala wala mzigo, ni ya uongo. "Nitakuletea mzigo mwezi ujao" ni ahadi, na ahadi iliyovunjwa pekee haitoshi.

Ulimkabidhi akutunzie au akufanyie kazi, akaigeuza yake: huu ni wizi wa kuaminiwa. Moyoni utauita usaliti, na ni kweli, lakini usaliti hauna kifungu hapa. Eleza ulimkabidhi nini, kwa kazi gani.

Ulimkopesha, alikiri, halipi: hili ni deni. Halina utapeli ndani yake hata kama anakukwepa miaka miwili. Linakwenda mahakamani kama madai.

Alikunyima haki yako waziwazi kwa sababu ana nguvu kuliko wewe: hii ni dhuluma. Mwenye dhuluma hana haja ya kusema uongo. Mwenye mtumbwi anayewakata mabaharia wake mgawo wa samaki mbele ya macho yao amewadhulumu. Akiwaficha uzito halisi uliouzwa kiwandani, amewadanganya na kuwapunja.

Onyo kubwa: usilipambe deni livae vazi la utapeli ili polisi wakusaidie kudai. Kumpa ofisa wa serikali taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai, na litakuwa lako.

## Hatua ya 6: Hamisha maneno ya mtaani, rekebisha sarufi

Nimepigwa, nimelizwa, nimeingizwa mkenge, nimepigwa changa la macho, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, amenipiga fiksi, amenifunga kamba: yote ni Kiswahili hai, na hakuna sababu ya kuyaonea aibu. Shida yake kwenye barua ni kwamba yanaeleza maumivu bila kutaja tendo. "Nimepigwa" inaweza kusomwa kama shambulio la mwili, na karani ataandika hivyo.

Yabakize sehemu moja tu: pale yalipotamkwa na mtuhumiwa. Kama alikutumia ujumbe "we si nimeshakulizaga", nakili kama ulivyo, pamoja na makosa yake yote. Huo ni ushahidi.

Kisha kagua matumizi haya:

- *Kughushi* hakumpokei mtu. Sema "alighushi saini yangu", usiseme "alinighushi".
- *Kupunja* kunampokea mtu na kiasi: "alinipunja kilo tano".
- *Nilidanganywa* kuna aliyekutenda. *Nilidanganyika* kunakuelekeza wewe, kama vile ulikuwa mwepesi. Kwenye maelezo andika ya kwanza.
- *Bandia* na *feki* hazibadiliki: dawa bandia, viatu bandia, vyeti bandia.
- *Laghai* ni mtu, *kulaghai* ni tendo, *ulaghai* ni tabia au jambo. Vivyo hivyo tapeli, kutapeli, utapeli.

## Hatua ya 7: Peleka kwa mwenye neno lake

Sasa lile neno la hatua ya 2 linakuonyesha mlango.

Kupunjwa na lumbesa ni vya Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia yenye nembo ya wengine ni ya Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Bidhaa hafifu ni ya TBS (Shirika la Viwango), na tangu 2019 chakula na vipodozi navyo viko kwao. Dawa za binadamu na vifaa tiba ni vya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Mbegu ni za TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu), viuatilifu ni vya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu). Mafuta yaliyochakachuliwa ni ya EWURA (Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji). Lakini mafuta safi yaliyopungua lita kwenye pampu yanarudi kwa Wakala wa Vipimo. Kituo kimoja cha mafuta, ofisi mbili, na kinachoamua ni neno ulilolichagua.

Kughushi, kujifanya na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni vya polisi. Ikiwa ni kwa simu, tuma namba ya tapeli na ujumbe wake kwenda 15040, piga 100 kwa mtandao wako haraka ili wajaribu kuzuia fedha, ndipo uende kituoni na namba ya muamala. Piga pia \*106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, kuna mtu anajifanya wewe, na hilo ni lalamiko jingine la kuandikiwa aya yake.

Onyo: wakati unasubiri, usimtangaze mtu kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ni tapeli na picha yake juu. Anaweza kukushtaki kwa kashfa, na kama taarifa si ya kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kukufikia. Ukilazimika kuwatahadharisha wenzako, taja tendo: "Nimelipa tarehe 3, mzigo haujafika, simu haipokelewi." Hiyo ni kweli, na inatosha.

## Hatua ya 8: Kabla ya kusaini

Ukitoa maelezo polisi, mwandishi ni askari, wewe unasimulia. Ana haraka, na ana maneno aliyoyazoea. Ulichosema "alinipa hati ambayo ofisi ya ardhi imeikana" kinaweza kuandikwa "mtuhumiwa alighushi hati". Ulichosema "sijui kama alifahamu" kinaweza kuachwa kabisa.

Ni haki yako kusomewa maelezo kabla ya kutia saini. Omba asome polepole, wewe ukiwa na karatasi yako ya rafu mkononi. Akifika kwenye neno ambalo hukulisema, sema kwa heshima: "Afande, hapo naomba iandikwe kama nilivyoeleza." Neno linakatwa kwa mstari mmoja, lililo sahihi linaandikwa juu yake, na unaweka saini fupi pembeni. Fanya hivyo kwa kila marekebisho, hata yakiwa manne kwenye ukurasa mmoja.

Kwa barua ya ofisini, peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Ukirudi baada ya wiki mbili kufuatilia, anza kwa kuonyesha ule muhuri.